Maziwa ya mama na ugonjwa wa matumbo: tusiogopeshe bamama bure

"Mutoto analia saa yote. Maziwa yangu ni mayi-mayi, haimushibishe." Nani katika Panda hajasikia maneno haya? Yanasemwa kwenye robine, kwenye mustari wa kupima watoto kilo, mbele ya mulango wa jirani. Na jibu linalofuata ni lilelile karibu kila mara: "Mupe buyi kidogo." Mtoto ana miezi miwili, mitatu hivi. Anapewa buyi, na juu ya buyi anapewa mayi.

Sasa kumeingia neno lingine, na hilo njo limenisukuma kuandika. Watu wanasema madaktari wa Ulaya wamevumbua kwamba mtoto ambaye hakunyonya atapata ugonjwa wa matumbo usiopona, kuharisha damu mpaka uzee. Mama mmoja alilazwa lopitali wiki nyingi nyuma ya kuzaa, na maziwa yake yakakauka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama yeye njo amemuharibia mtoto wake maisha. Hapana, mama. Lakini neno lenyewe halikutoka katika hewa tu, na anayeuliza swali la kweli anastahili jibu la kweli, si kutulizwa kama mtoto.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Si mmoja, ni miwili, ni kama ndugu. Wa kwanza unaitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa New York, Burrill Crohn, ambaye aliuandika pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Unaweza kushika mahali popote toka kinywa mpaka njia ya choo, lakini unapenda zaidi mwisho wa utumbo mdogo. Wa pili ni kolitisi ya vidonda, nao unashika utumbo mkubwa. Yote miwili ina tabia moja: askari wa mwili, wale wanaopigana na mikrobi, wanageuka kupiga utumbo wenyewe. Mtu anaharisha, mara nyingi na damu, anakonda, anachoka, tumbo linamuuma. Miezi kadhaa inatulia, halafu inarudi. Haiambukizi. Si bulozi. Dawa za kuituliza ziko, dawa ya kuimaliza kabisa haijapatikana.

Katika Amerika ya Kaskazini na nchi nyingi za Ulaya magonjwa haya yamepita watu 3 kwa kila 1,000. Ona vizuri hesabu hiyo: hata kule kwenye yamejaa, watu 990 na zaidi kati ya 1,000 hawana. Kwa hiyo anayekuambia "mtoto asiyenyonya atapata" amekwisha kukosea mbele hata ya kufika kwenye maziwa. Watoto mamilioni wa bazungu walikomea na bibero, na wengi kabisa wana matumbo mazima.

Basi neno lilitoka wapi? Limetoka katika utafiti wa kweli. Mwaka 2017 kundi la watafiti lilikusanya tafiti 35 zilizofanywa katika nchi mbalimbali, wakalinganisha wagonjwa maelfu na watu wasio na ugonjwa. Waliuliza: huyu alinyonya maziwa ya mama, ao hakunyonya? Wakaona kwamba waliowahi kunyonya walipatikana na ugonjwa wa Crohn pungufu karibu 29%, na kolitisi ya vidonda pungufu karibu 22%. Tena, wale walionyonya mwaka mzima ao zaidi walionekana kulindwa kuliko waliokatishwa mapema. Si kidogo.

Lakini kuko upande mwingine. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya wauguzi wanawake zaidi ya 140,000 waliofuatwa miaka mingi. Kati ya walionyonya utotoni na wasionyonya hawakuona tofauti. Tena hakuna anayeweza kugawa watoto wachanga kwa kura, hawa wanyonye, hawa wasinyonye, halafu angojee miaka 30. Watafiti wanabaki kuuliza watu wazima, ao mama zao, mambo ya zamani sana. Na mama anayenyonyesha mwaka mzima mara nyingi anatofautiana na yule mwingine kwa mambo mengi: chakula, sigara, kazi, nyumba. Vitu viwili kutembea pamoja si kusema kimoja kimezaa kingine. Kila asubuhi sirena ya fabrike inalia na jua linapanda, lakini hakuna mutu anasema sirena njo inapandisha jua.

Mimi mwenyewe, ukiniuliza, naamini kunyonyesha kunasaidia utumbo. Naamini, siapi. Sababu ya kuamini iko ndani ya maziwa yenyewe. Maziwa ya mama yana aina nyingi za sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Kwa miaka mingi watu walijiuliza zinafanya nini mule. Jibu lilikuja kuonekana: si chakula cha mtoto, ni chakula cha bakteria wazuri wanaokaa katika utumbo wake. Mama analisha mtoto, na analisha pia walinzi wa mtoto. Halafu kuko yale maziwa ya kwanza, mazito, ya rangi ya manjano. Kaku wengine walituambia ni machafu, yakamuliwe na kutupwa. Haina vile! Yale njo yamejaa kinga zaidi. Yanapaka utumbo wa mtoto kama mafundi wanavyopaka dawa ndani ya tanki mbele ya kutia asidi. Siku za kwanza za maisha, askari wa mwili wanajifunza nani adui na nani mgeni wa amani. Kama wamefunzwa vibaya, inaeleweka kwamba kisha miaka 20 wanaweza kupiga nyumba yao wenyewe.

Nimesema yote hayo, lakini nikitembea Panda naona neno la Crohn si neno letu la kwanza. Kwetu ugonjwa huu karibu hautajwi. Sehemu moja ni kweli kwamba ni mchache. Sehemu nyingine ni kwamba ili kuuona unahitaji kolonoskopia, mupira wenye kamera unaoingia katika utumbo, na daktari anayejua kusoma anachoona. Ni wangapi kati yetu wamewahi kupitishwa kwenye mashini hiyo? Mchimbaji anaharisha damu, anasema "ni amibe", anapita kwa muuza dawa, anakunywa Flagyl. Inarudi, anakunywa tena. Mara ya tatu wanasema ni tifoide. Pengine ni kweli amibe. Pengine ni bilharzia, kwa maana wengi wanaosha mawe wakisimama ndani ya mayi. Pengine ni kifua kikuu cha matumbo, ambacho kinafanana na Crohn mpaka hata madaktari wanachanganya. Neno langu hapa ni fupi: damu inayopita wiki tatu ao nne, na mwili unakonda, si ya muuza dawa tena. Omba choo kipimwe na damu ipimwe, tena eleza kwamba dawa zimekwisha kushindwa, na ni dawa gani. Na zile antibiotike tunazomwagia watoto kwa kila kikohozi, tuziangalie: tafiti kadhaa zimeona antibiotike za utotoni zinatembea pamoja na ugonjwa wa Crohn, hata kuliko kukosa kunyonya katika hesabu nyingine. Hapo hakuna anayeinua sauti.

Turudi kwenye buyi. Kwa nini mama wa Panda haamini maziwa yake? Nafikiri jibu moja liko katika historia ya kambi hizi, na wazee wanaijua.

Watu wetu wa zamani, waluba, wasanga, wabemba na wengine, walinyonyesha miaka miwili mpaka mitatu. Mtoto alikata maziwa akijua kutembea na kula bukari, na mimba nyingine haikuja haraka, kwa desturi na pia kwa sababu kunyonyesha kwenyewe kunachelewesha mimba. Halafu Union Minière, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, iliamua kwamba haitaki tena mfanyakazi wa miezi sita anayerudi muji kwao. Inataka mfanyakazi anayekaa, na bibi yake, na watoto watakaokuwa wafanyakazi kesho. Daktari Léopold Mottoulle njo alikuwa kichwa cha siasa hiyo, na mwaka 1946 aliandika kitabu kuieleza. Watoto walipimwa kilo, walichomwa sindano, walilishwa kwenye kantini ya watoto. Posho ilitoka kwa hesabu ya vichwa. Tuseme haki: kambini watoto walianza kufa pungufu kuliko mbele, na wazee wengi wanaosoma gazeti hili walikua kwa sababu hiyo.

Lakini ndani ya mema hayo kulikuwa hesabu nyingine. Katika Kongo ya Wabeleji, madaktari na mabibi wa kizungu waliona kunyonyesha miaka mitatu ni kurefu mno, ni "tabia ya pori". Mama akikata mapema, atabeba mimba mapema. Na kampani ilihitaji watoto. Maziwa ya kopo, buyi ya kantini na saa ya kulisha vikawa alama ya mtu aliyeendelea. Ziwa likawa la mama wa muji. Kampani ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, miaka ikapita, mashini zikasimama. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile operesheni ya "kuondoka kwa kupenda", ambayo kila nyumba ya Panda inajua ilikuwa ya kupenda kiasi gani. Kantini haiko tena. Daktari wa kupima kilo bila kulipa hayuko tena. Mufuko wa bunga haufiki tena kila mwezi. Lakini lile wazo kwamba maziwa ya mama hayatoshi, lenyewe lilibaki. Tulirithi kukata mapema, bila kurithi kantini iliyokuwa inajaza pengo.

Njo maana nasema kwetu hatari ya bibero haingojei miaka 30. Inakuja wiki hii. Mama wa Bruxelles akitayarisha maziwa ya unga, mayi yake ni safi na moto uko kwenye kidole. Mama wa Panda anangojea mayi ya robine ambayo inakauka saa yoyote, anachota kisimani, makala ni ya kununua, na kopo ya maziwa ni bei ya siku nyingi za kazi. Basi anaongeza mayi ili kopo irefuke. Kolera inajulikana Likasi, haihitaji mgeni wa kututambulisha nayo. Kuharisha kwa mtoto wa miezi mitatu ni jambo la masaa.

Na hatuko peke yetu katika kosa hili. Hesabu ya taifa ya 2013-2014 ilionyesha kwamba katika Kongo watoto wa chini ya miezi sita wanaopewa maziwa ya mama peke yake walikuwa 48%. Waliobaki wengi walinyonya, ndiyo, karibu kila mama wa Kongo ananyonyesha. Lakini walipewa pia mayi, buyi, dawa za majani. Shirika la Afya Duniani linasema ziwa katika saa ya kwanza, maziwa peke yake miezi sita, halafu chakula pamoja na ziwa mpaka miaka miwili na zaidi. "Lakini jua la mwezi wa kumi ni kali, mtoto ana kiu!" Maziwa ya mama ni mayi kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi. Mtoto akinyonya, amekunywa. Na yule anayesema maziwa hayatoshi: ziwa ni kama kisima cha chemchemi, unapochota njo kinajaa. Ukimpa buyi mchana, mtoto ameshiba, hanyonyi, ziwa linaona halihitajiwi, linapunguza. Kisha wiki mbili mama anasema kweli: yamepungua. Buyi ilianza ikasema maziwa ni kidogo, mwisho ikayafanya kuwa kidogo. Kipimo si kilio. Mtoto analia kwa mambo mengi. Kipimo ni kilo zinazopanda na mkojo: nepi sita ao zaidi zilizolowa kwa siku.

Kuko swali lingine ambalo linaulizwa tu katika muji wa mine, na si swali la kijinga: "Na vumbi je? Maziwa yangu hayana sumu ya mawe?" Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Université de Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na mine na fabrike walikuwa na kobalti nyingi mno katika mwili, na watoto walikuwa na zaidi ya wakubwa. Kwa hiyo vumbi ni neno la kweli. Lakini watoto wale hawakupata vumbi kwa ziwa tu: waliishika chini, wakatia mikono kinywani, waliila kwa chakula. Kumkatia mtoto ziwa na kumpa buyi iliyopikwa kwa mayi na sufuria za nyumba ileile si kumtoa katika vumbi, ni kumuingiza zaidi. Hapa nasema na batata: kombinezo ya kazi isiingie chumba cha mtoto. Vua inje, oga, halafu mubebe. Mawe yasifuliwe wala kupondwa katika lupango ambamo mtoto anatambaa. Hayo hayaombi ruhusa ya mtu.

Bamama wawili ninataka niwataje, kwa maana kila mara tunapoimba sifa za maziwa tunawakanyaga. Wa kwanza ni mwenye virusi vya ukimwi. Siku hizi, akikunywa dawa zake kila siku bila kuruka na mtoto akipewa dawa yake, anashauriwa kunyonyesha kama wengine. Aende na swali lake lopitali, si kwa jirani. Wa pili ni yule aliyeshindwa: alilazwa, alipasuliwa, mtoto ni wa marehemu dada yake. Kwake kopo ni chombo cha kuokoa. Achemshe mayi, apime unga kama kopo inavyoandika, alishe kwa kikombe safi, maana bibero ni ngumu kuosha. Hana kosa, na Crohn hamungojei mtoto wake nyuma ya mulango.

Halafu kuna wale wengi wanaotaka kunyonyesha na kazi inawanyima. Yeye anaosha mawe, anachagua mawe, anauza mandazi kwenye njia ya karieri, ao anafanya kazi ya biro katika kampani. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa na kikombe cha buyi. Kumwambia mama huyo "nyonyesha miezi sita" bila kusema neno kwa anayemtumikisha ni kumucheka. Kodi ya Kazi ya Kongo, sheria ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inampa mfanyakazi mwanamke wiki 14 za kupumzika kwa uzazi. Na akirudi kazini, kama ananyonyesha, ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na yanalipwa kama saa za kazi. Nimeuliza wanawake kadhaa wanaofanya kazi katika kampani za hapa kama wanajua haki hiyo. Wengi walicheka kwanza. Mmoja alisema: "Nusu saa? Toka fabrike mpaka kwangu na kurudi ni saa nzima."

Ana haki ya kucheka. Nusu saa bila mahali ni karatasi. Kukamua maziwa kwa mkono katika kikombe kilichooshwa vizuri kunasaidia, yanakaa masaa manne mahali penye kivuli na baridi, lakini hata kukamua kunahitaji mlango unaofungwa. Wajumbe wa sindika wanajadiliana kila mwaka juu ya posho, mavazi, transporti. Sijasikia hata mmoja ameandika chumba cha kunyonyesha katika orodha yake, na wengi wao ni baba wa watoto wachanga. Kwa wale wa koperative, kazi ni nyepesi zaidi: kwenye sehemu ya kuosha mawe, mbali na mashini ya kusaga, juu ya upepo ili vumbi lisifike, kibanda cha mabati kumi, benchi, bidoni ya mayi safi na sabuni. Mama anawe mikono na kifua, avae kikwembe safi, aletewe mtoto mara mbili kwa siku. Bei yake haifiki bei ya mifuko michache ya mawe. Nani kati ya maprezida wa koperative za Likasi atajenga cha kwanza?